Sumu ya Kuvu katika Nafaka: Usalama Hupimwaje?

Baada ya mhadhara niliotoa katika shule moja ya sekondari, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo nakiri sikulijibu vizuri siku ile. Nilikuwa nimeeleza kwamba, kwa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi ya chakula hayatakiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini katika kila kilo. Akauliza: "Je, mahindi yenye mikrogramu 11 ni sumu, na yenye 9 ni chakula?" Darasa likacheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa walimu ambao siku moja wataulizwa swali kama hilo.

Asili ya jina

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa chanzo hakikujulikana, ugonjwa ulipewa jina la "X", herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu wasichokijua. Uchunguzi uliongoza kwenye chakula cha ndege hao, na hasa kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, ambamo ilikutwa kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Herufi ya kwanza ya jina la kwanza, na herufi tatu za mwanzo za jina la pili, ziliunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya sumu. Ndipo tukapata jina aflatoksini.

Sumu hiyo ina aina nne zilizo muhimu katika nafaka, nazo ni B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na ya kijani, ambazo sumu hizi hung'aa zikimulikwa na mionzi ya urujuanimno katika chumba chenye giza. Kali kuliko zote ni B1. Ng'ombe akilishwa B1, sehemu yake hugeuzwa mwilini na kutoka katika maziwa kwa jina la M1.

Kuvu hii huishi udongoni na hupenda joto. Huingia katika mahindi na karanga kwa milango miwili. Mlango wa kwanza uko shambani, mmea unapodhoofishwa na ukame au punje zinapotobolewa na wadudu. Mlango wa pili uko nyumbani na ghalani, mazao yanapohifadhiwa kabla hayajakauka. Hapana budi kukumbuka pia kwamba ukungu unaoonekana kwa macho na sumu yenyewe si kitu kimoja. Punje inaweza kuwa na ukungu wa aina isiyotoa aflatoksini, na punje nyingine ikawa safi machoni ilhali ina sumu. Kadhalika, kuchemsha hakusaidii sana. Aflatoksini huvunjika kabisa katika joto kali mno kupita lile la maji yanayochemka, na kwa hiyo sehemu kubwa hubaki katika ugali ulioiva vizuri.

Hatari na kudhurika

Mamba aliyemo mtoni ni hatari. Lakini swali la ni watu wangapi wa kijiji watakaoumwa naye kwa mwaka ni swali jingine. Jibu lake hutegemea ukali wa mamba, na pia ni mara ngapi watu huteka maji, wanasimama wapi, na kama miongoni mwao wamo watoto wadogo. Wanasayansi hutenganisha mambo hayo mawili. La kwanza huliita hatari. La pili ni uwezekano wa kudhurika. Kupima usalama wa chakula maana yake ni kutoka katika swali la kwanza kwenda katika la pili, na safari hiyo ina hatua nne: kuitambua hatari, kupima uhusiano kati ya kiasi cha sumu na madhara, kupima kiasi kinachoingia miilini mwa watu, na mwisho kuyaunganisha yote.

Hatua ya kwanza: kuitambua hatari

Aflatoksini hudhuru kwa namna mbili. Ikiliwa kwa wingi katika muda mfupi huliharibu ini ghafla: macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na wengi hufa. Mwaka 1974, katika majimbo ya Rajasthan na Gujarat nchini India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, wagonjwa 20 walilazwa hospitali na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 balaa lilirudi katika sehemu hizo hizo za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 walipoteza maisha. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako wagonjwa 68 walihesabiwa na 20 wakafa.

Namna ya pili haina kishindo. Sumu kidogo ikiliwa kila siku kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. B1 yenyewe huanza kuwa kali inapofika ini. Humo mna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kugeuza vitu vigeni ili mwili uvitoe. Katika kuigeuza B1, vimeng'enya hivyo huzaa kwanza kitu kikali kiitwacho epoksaidi, ambacho hunasa katika DNA, yaani katika maandishi ya urithi ya seli. Seli ikigawanyika kabla ya kulirekebisha kosa hilo, kosa hunakiliwa na kurithiwa na seli zote zitokanazo nayo. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini za wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika waliona kosa lile lile, mahali pale pale, katika jeni iitwayo TP53 ambayo kwa kawaida huzuia seli zisikue ovyo. Ni kana kwamba sumu hiyo imeacha alama ya kidole chake.

Ushahidi mwingine ulipatikana katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1973 F. G. Peers na C. A. Linsell walitangaza matokeo ya utafiti wao wa wilaya ya Murang'a, Kenya, walikopima vyakula vya watu waishio katika miinuko mbalimbali. Kadiri walivyoteremka kuelekea penye joto ndivyo sumu katika chakula ilivyozidi, na ndivyo saratani ya ini nayo ilivyozidi. Kutokana na ushahidi wa namna hii, mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Hatua ya pili: kiasi na madhara

Sumu nyingi zina kizingiti. Muhogo mchungu una sianidi, lakini mwili una njia ya kuigeuza sianidi kidogo na kuitoa kwa mkojo. Madhara huanza pale tu kiasi kinapouzidi uwezo huo. Kwa sumu za namna hiyo mtaalamu anaweza kusema: chini ya kiasi hiki kuna usalama.

Kwa aflatoksini hawezi kusema hivyo. Kwa kuwa inagusa maandishi ya urithi, hata molekuli chache zinaweza, kwa bahati mbaya, kuacha kosa lisilorekebishwa. Kiasi kikipungua, uwezekano wa kudhurika hupungua pia. Lakini hakuna kizingiti kinachojulikana ambacho chini yake uwezekano huo hukoma. Kwa sababu hiyo, kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani haikuweka kiasi kinachokubalika kuliwa kila siku. Ilishauri kwamba sumu hii ipunguzwe kadiri inavyowezekana.

Hata hivyo, katika kikao chake cha mwaka 1997 kamati hiyo ilikadiria ukali wa B1. Ikiwa watu 100,000 wanakula kila siku nanogramu moja ya sumu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, basi katika mwaka mmoja itatokea saratani 0.01 miongoni mwao, iwapo hawana virusi vya homa ya ini aina ya B. Wakiwa na virusi hivyo, idadi ni 0.3. Yaani virusi na sumu vikikutana katika ini moja, madhara huwa makubwa mara 30. Kamati ilipoyapitia mambo hayo upya mwaka 2016, makadirio yake ya wastani hayakuwa mbali na haya.

Hatua ya tatu: sahani

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, tulipima aflatoksini katika siagi ya karanga. Wenyeji wangu waliipaka juu ya mkate asubuhi, kiasi cha kijiko, na ndivyo nami nilivyozoea kufikiri juu ya sumu hii: kama kitu cha kijikoni. Niliporudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejifunza kuipima sumu bila kuipima sahani.

Tufanye hesabu. Mikrogramu 10 kwa kilo ni kitu kidogo mno. Gunia zima la kilo 100 litakuwa na miligramu moja tu, ilhali chembe moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Sasa tuchukue mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku, jambo la kawaida katika nyumba zetu nyingi. Ikiwa unga huo una mikrogramu 10 kwa kilo, basi anameza mikrogramu 4, ambazo ni nanogramu 4,000. Tukigawa kwa uzito wake tunapata nanogramu 67 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa uzito ule ule anayekula gramu 20 za siagi ya karanga yenye kiwango kile kile anapata nanogramu 3.3. Kiwango katika chakula ni kimoja, lakini miili yao imepokea viasi vinavyopitana mara 20.

Tumtazame na mtoto wa kilo 10, anayekula gramu 150 za unga katika uji na ugali. Yeye hupata nanogramu 150 kwa kila kilo ya mwili, zaidi ya mara mbili ya mtu mzima anayekula naye katika chungu kimoja. Ndiyo sababu uji wa lishe wa watoto unastahili kutengenezwa kwa nafaka iliyo bora kuliko zote nyumbani.

Hatua ya nne: kuunganisha

Tuchukue sasa wilaya yenye watu wazima 100,000, ambao wote hula mahindi yaliyo sawasawa na kiwango cha sheria, na ambao 5,000 kati yao wana virusi vya homa ya ini B. Kwa wale 95,000 wasio na virusi, saratani zinazotarajiwa kwa mwaka ni 0.6. Kwa wale 5,000 ni 1. Jumla ni 1.6, ambayo katika miaka 10 ni watu 16.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, watu hao 16 wataugua kwa kula mahindi yaliyotimiza sheria. Pili, watu 10 kati yao watatoka katika lile kundi dogo lenye virusi. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, ambayo Kenya na Tanzania zimekuwa zikiwapa watoto wachanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kinga dhidi ya aflatoksini pia, ingawa haiondoi hata chembe moja ya sumu. Tatu, ikiwa mahindi yana mikrogramu 100 badala ya 10, watu 16 huwa 160.

Ipo njia nyingine ya kulinganisha. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichukua nanogramu 400 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kama kiasi cha rejea, kutokana na majaribio ya panya walioongezekewa na saratani. Kwa sumu za namna hii, mwanya kati ya kiasi cha rejea na kile wanachokula watu unatakiwa uwe wa mara 10,000 au zaidi, ndipo jambo lihesabiwe kuwa si la kutia wasiwasi mkubwa. Kwa mlaji wetu wa nanogramu 67 mwanya huo ni wa mara 6.

Makadirio haya yasichukuliwe kama utabiri. Yanadhani kwamba kila mtu anakula mahindi ya kiwango kile kile maisha yake yote, jambo ambalo halitokei. Faida yake ni kutuonyesha ni wapi juhudi zielekezwe.

Kwa nini basi sheria isidai sifuri?

Jibu la kwanza ni kwamba sifuri haipimiki. Sumu haienei sawasawa katika gunia kama sukari katika chai. Hukaa katika punje chache. Tuseme kwamba punje moja tu kati ya kila punje 10,000 ina sumu, lakini punje hiyo ina mikrogramu 100,000 kwa kilo. Si jambo la kubuni tu, kwani punje kali kuliko hiyo zimewahi kupimwa. Wastani wa shehena hiyo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mkaguzi akichota sampuli ya punje 3,000, yaani kilo moja hivi, uwezekano wa kutoikuta hata punje moja mbovu ni 74 katika 100. Mashine itaonyesha sifuri. Akiikuta moja, itaonyesha 33. Akizikuta mbili, 67. Jibu la kweli, ambalo ni 10, sampuli hiyo haiwezi kulionyesha kamwe! Kwa hiyo sampuli hukusanywa kidogo kidogo kutoka magunia mengi, zikasagwa na kuchanganywa vizuri kabla ya kupimwa.

Jibu la pili ni chakula chenyewe. Nchi ikikataa mahindi mengi katika mwaka wa njaa, mtu maskini hataacha kula; atakula yale yaliyokataliwa, au atalala njaa. Kila nchi huweka kiwango chake kwa kupima uzito wa mambo hayo. Marekani inaruhusu mikrogramu 20 katika chakula, na Umoja wa Ulaya mikrogramu 4 katika nafaka zilizotayarishwa kuliwa. Afya za watu wa pande hizo mbili hazitofautiani hivyo; kinachotofautiana ni mapatano.

Mahindi yasiyopita kwa mkaguzi

Kuna jambo zito zaidi. Wengi wa waliougua mwaka 2004 walikula mahindi waliyoyalima wenyewe. Uchunguzi ulionyesha kwamba walioyahifadhi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Mahindi hayo hayakupita sokoni wala maabarani, na hakuna kiwango cha sheria ambacho kingeyazuia. Katika vijiji vyetu, mkaguzi wa mwisho wa mahindi ni yule mwenye ungo.

Naye ana uwezo mkubwa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa zichambuliwe na kutupwa. Kwa kuwa sumu imo katika punje chache, kuziondoa hizo ni kuondoa sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako husaidia, maana sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini. Lakini mahindi mabovu na pumba zake yasipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa, kuku, wala kwa mpika pombe. Kufanya hivyo ni kuihamisha sumu, si kuiondoa.

Mwalimu anaweza kufanya darasani jaribio lisilohitaji maabara. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, kisha utikise kwa dakika moja na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuhifadhiwa. Isipogandamana, yanakaribia kufaa. Yaanikwe siku mbili tatu zaidi. Baada ya hapo, kila mwanafunzi apime unga unaopikwa kwao kwa siku, augawe kwa walaji, na kufanya hesabu ya nanogramu kama tulivyofanya hapo juu.

Sasa naweza kumjibu yule mwanafunzi. La, mikrogramu 11 si sumu mbele ya 9 iliyo chakula. Tofauti yao ni ndogo kuliko makosa ya sampuli. Kumi ni alama iliyowekwa njiani na watu, kwa mapatano, ili shehena mbaya zaidi zisipite. Usalama wenyewe hupatikana kwa kuzidisha kiwango hicho kwa sahani ya mlaji, kugawa kwa uzito wa mwili wake, na kuuliza ini lake limekingwa na nini. Mahindi yenye mikrogramu 9 yakiliwa mara tatu kwa siku na mtoto mdogo yanastahili wasiwasi kuliko yenye 11 yaliwayo mara moja kwa juma na mtu mzima.